Mji wa Maziwa Mawili: Historia ya Maji ya Bomba Singida na Swali la Nani Mwenye Kisima

Mgeni anayeingia Singida mjini kwa mara ya kwanza hudhani amefika mahali penye neema ya maji. Kabla hajashuka garini atakuwa ameliona Ziwa Kindai na Ziwa Singida, maji yametandaa chini ya miamba mikubwa ya graniti, na katika misimu fulani heroe wamejipanga ufukoni kama waridi zilizopandwa. Mgeni hustaajabu. Mwenyeji hutabasamu, kwa kuwa anajua jambo ambalo mgeni halijui: maziwa yote mawili ni ya chumvi. Ng'ombe huyasogelea akanusa akaondoka. Mji wetu umejengwa kati ya maziwa mawili yasiyonyweka, na historia yake yote, tangu boma hadi manispaa, inaweza kusimuliwa kama historia ya watu wanaotafuta maji ya kunywa huku wanayatazama maji.

Leo naomba, ndugu msomaji, tuisimulie historia hiyo. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tunazungumza sana juu ya miradi ya maji na kidogo mno juu ya historia ya maji, kana kwamba kila bomba linalozinduliwa ni la kwanza kuwekwa ardhini. Ya pili iko kinywani mwangu. Meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia ambayo hakuna dawa ya meno iwezayo kuyaondoa. Nilipokwenda kusoma Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwenzangu mmoja wa bwenini alinitazama nilipocheka akauliza: "Wewe ni wa Arusha au Singida?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu siku hiyo nimefahamu kwamba mwili wa mtu nao ni jalada la nyaraka, na kwamba serikali huandika ndani yake hata pale isipokusudia.

Ardhi isiyo na mto wa kwenda baharini

Tuanze na ardhi yenyewe. Singida iko juu ya uwanda wa kati, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa miaka mingi ya kawaida haizidi sana milimita 700. Baada ya hapo ni miezi saba ya jua na upepo, na hewa ya kiangazi ina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko yale ambayo mvua imeleta.

Tena, mkoa mkubwa umo katika Bonde la Kati, yaani sehemu ya nchi ambayo mito yake haifiki bahari yoyote. Maji yanayotiririka humu huishia katika maziwa yasiyo na mlango wa kutokea: Eyasi, Manyara, Natron, na haya mawili ya kwetu. Maji huingia, jua huyapandisha hewani, chumvi hubaki. Ndiyo siri ya Kindai na Singida. Si bure kwamba makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati yapo Singida mjini.

Chini ya ardhi hali si rahisi zaidi. Graniti hainywi maji kama mchanga unavyoyanywa. Maji hukaa katika tabaka la mwamba uliooza na katika nyufa zake, hivyo mchimbaji anaweza kupata kisima chema hapa na, hatua mia moja mbele, akatoboa jiwe kavu hadi fedha zimwishie. Yeyote anayetaka kuuhukumu mfumo wa maji wa Singida kwa haki sharti aanzie hapa. Asili haikutupendelea. Lakini asili haikuandika sera, na sehemu kubwa ya habari hii inahusu sera.

Kabla ya bomba

Marehemu bibi yangu, Mnyaturu wa vijiji vya nje ya mji, alinieleza jinsi walivyoteka maji alipokuwa msichana. Kiangazi kilipokomaa, wanawake walikwenda kwenye mkondo wa mto uliokauka, wakachimba mchangani hadi kufikia unyevu, kisha wakakaa wakisubiri maji yajikusanye. Waliyachota kwa kibuyu, kidogo kidogo, wakijitahidi wasiyatibue. Safari iliyoanza alfajiri ilikwisha jua likiwa utosini.

Sipendi kuyapamba maisha hayo. Yalikuwa magumu, na uzito wake wote ulikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Lakini katika maelezo ya bibi kulikuwa na jambo ambalo nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma sera za maji kwa ajili ya darasa. Kila kisima kilikuwa na mwenyewe. Aliyekichimba alikuwa na kauli ya kwanza, na ukoo wake ulikuwa na wajibu wa kukifukua kila baada ya mvua. Mpita njia hakunyimwa maji ya kunywa, ila mwenye kundi la ng'ombe alipaswa kuomba na kusubiri zamu. Kisima kikibomoka, hapakuwa na mtu wa kuandikiwa barua. Waliokitumia walikifufua.

Swali la nani mwenye kisima, maana yake nani ana haki ya kuteka na nani ana wajibu wa kukarabati, ndilo uzi nitakaoufuata katika makala haya. Kila zama zimelijibu kwa namna yake.

Boma, reli na mhandisi aliyechora ramani

Wajerumani walijenga boma lao Mkalama, kaskazini mwa mkoa. Chini ya Waingereza, Singida ndiyo iliyokuwa makao ya wilaya, ndani ya Jimbo la Kati lililotawaliwa kutoka Dodoma. Katika miaka ya 1930 ilijengwa njia ya reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, ikang'olewa katika miaka ya 1940. Wengi hukumbuka reli hiyo kwa ajili ya biashara, lakini garimoshi la mvuke ni mnyama mwenye kiu. Lilihitaji maji mengi, tena yasiyo na chumvi, maana chumvi huganda ndani ya tangi la mvuke na kuliharibu. Huo ndio mtindo wa ukoloni karibu kote Afrika Mashariki: maji yalifuata reli na boma. Nairobi yenyewe ilizaliwa mwaka 1899 kama kituo cha reli kwenye sehemu yenye maji baridi. Kabla ya hapo, Unguja, Sultani Barghash alikuwa ameleta maji ya bomba kutoka Chemchem hadi Mji Mkongwe katika karne ya 19. Aliyetawala ndiye aliyeamua bomba lipite wapi.

Mtu aliyelielewa jambo la maji kuliko wote katika Tanganyika ya wakati ule alikuwa mtu wa reli. Clement Gillman, aliyekuwa mhandisi mkuu wa reli za Tanganyika, alichapisha mwaka 1936 ramani ya mtawanyiko wa watu nchini. Ramani ile ilidhihirisha kwamba takriban theluthi mbili ya wananchi waliishi kwenye sehemu ya kumi tu ya nchi, pale palipo na maji ya kutegemewa, na kwamba eneo kubwa la katikati halikuwa na wakazi. Baadaye serikali ilimfanya mshauri wake wa masuala ya maji. Fundisho la Gillman lilikuwa wazi: huwezi kupanga kilimo, mifugo wala miji ya Tanganyika bila kupanga maji kwanza.

Fundisho lilisikika nusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili iliundwa idara ya maendeleo ya maji, vikachimbwa visima virefu na malambo katika nyanda kavu, na mamlaka za wenyeji zikatakiwa kuchangia gharama. Lakini mantiki ya utawala ilikuwa ya tabaka. Makao ya wilaya yalistahili bomba, kijiji kilistahili lambo, tena mara nyingi lambo lililochimbwa kwa kuwajali ng'ombe, ambao walitozwa kodi na kuuzwa minadani, kuliko binti aliyebeba mtungi. Kwa swali letu la nani mwenye kisima, jibu la mkoloni lilikuwa hili: kisima ni cha serikali, na wewe ni mtu wa kuruhusiwa.

Uhuru na ahadi ya mita 400

Mkoa wa Singida ulizaliwa mwaka 1963, Jimbo la Kati lilipogawanywa. Miaka michache ya mwanzo taratibu za zamani ziliendelea: halmashauri ya wilaya ilichangia sehemu ya gharama za ujenzi na kubeba uendeshaji. Tangu 1965 serikali kuu ikachukua gharama yote ya ujenzi wa miradi ya vijijini, na kufikia mwaka wa fedha 1969/70 ikachukua na uendeshaji. Maji ya kituo cha umma yakawa bure.

Vijana wa leo wanaosoma uchumi huona uamuzi huo kama upuuzi. Nawaomba wauone kwa macho ya wakati wake. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Nchi ilikuwa ikisema, pengine kwa mara ya kwanza katika historia ya ardhi hii, kwamba mwanamke wa Ilongero ana haki ya maji safi sawasawa na mke wa ofisa wa boma. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwananchi awe na maji safi karibu na makazi yake, na kipimo cha ukaribu kilichokuja kuzoeleka kikawa mita 400. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kuzungumzia vyoo, mbu na maji ya kuchemsha. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, na moja ya hoja za kuwashawishi watu kuhama, pale waliposhawishiwa badala ya kulazimishwa, ilikuwa hii: mkikaa pamoja mtaletewa bomba.

Wafadhili walimiminika, Sweden ikiwa mstari wa mbele, na mikoa ikagawiwa kwa mataifa rafiki kila mmoja na wataalamu wake, pampu zake na vipuri vyake. Kwetu Singida, ambako upepo haukomi, vilisimikwa pia vinu vya upepo vya kupandisha maji kutoka visimani. Baadhi ya minara yake tuliikuta utotoni, mingine ikizunguka, mingine imesimama kimya kama msalaba wa kaburi.

Kwa swali letu, jibu la zama hizi lilikuwa: kisima ni cha Taifa, na wewe ni mwana wa Taifa. Lilikuwa jibu zuri mno kwa upande wa haki. Upande wa wajibu lilikuwa na tundu. Mwananchi alipewa maji, hakuulizwa. Pampu ilipoharibika, kijiji kilichojua kufukua kisima cha mchangani kwa vizazi kilikaa kikingoja gari la Idara ya Maji, kwa kuwa kilikuwa kimeambiwa, tena kwa nia njema, kwamba kazi hiyo si yake.

Pampu ziliponyamaza

Kisha ikaja miaka ya shida. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vilikula akiba ya nchi mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika. Mfumo uliotegemea dizeli na vipuri vya kuagizwa ungeponea wapi? Mhandisi wa maji wa mkoa alikuwa na visima, mabomba na mafundi, asiwe na dizeli. Mapato machache yaliyokusanywa mijini yaliingia Hazina, na kilichorudi hakikutosha hata kubadili mpira wa pampu. Mwaka 1991, mwaka uliokuwa wa kutimiza ahadi, chini ya nusu ya wananchi wa vijijini walihesabiwa kuwa na huduma, na sehemu ya mabomba yaliyohesabiwa hayakutoa maji.

Hapa historia inaingia katika kumbukumbu zangu mwenyewe. Nilianza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila mwanafunzi alitakiwa kufika shuleni na vitu vitatu: ufagio, kuni na kidumu cha maji. Asiye na maji alirudishwa nyumbani kuyatafuta, na wengi wa waliorudishwa walikuwa wasichana, kwa kuwa nyumbani maji ya wote yalikuwa mikononi mwao na kuyamaliza kabla ya kuja shule halikuwa jambo rahisi. Mtaani kwetu palikuwa na bomba la umma lenye koki ya shaba iliyong'aa kwa kushikwa. Lilitoa maji usiku wa manane, kwa muda mfupi, siku tusizozijua. Mama alilala na sikio wazi. Aliposikia bomba likikohoa hewa, alituamsha, na katika giza mtaa mzima ulijaa mlio wa ndoo. Nimekwisha kusikia hotuba nyingi juu ya maendeleo, lakini hakuna sauti ninayoihusisha na neno hilo kuliko kikohozi cha bomba lile.

Hatukuwa peke yetu. Watafiti waliochunguza matumizi ya maji majumbani katika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 walirudiwa na wenzao miaka 30 baadaye, katika maeneo yale yale ya Kenya, Uganda na Tanzania. Waligundua kwamba katika kaya zenye bomba, matumizi ya mtu mmoja kwa siku yalikuwa yameshuka kutoka takriban lita 128 hadi takriban lita 66. Bomba lilibaki ukutani, maji yalipungua ndani yake. Waswahili walikwisha kutuonya: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta kwa fedha za wahisani na kuuacha ufa.

Kutoka mwananchi hadi mteja

Sera ya Taifa ya Maji ya 1991 ilikiri kwamba mambo hayakwenda. Iliusogeza mwaka wa ahadi hadi 2002, na ikaleta neno jipya: kuchangia gharama. Mwaka 1997 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mitambo ya Maji, Sura ya 281, ambayo ni urithi wa utawala wa Mwingereza, na kwa marekebisho hayo mamlaka za maji za miji ya mikoa zikaundwa na kuanza kazi mwaka 1998. Ndipo ilipozaliwa SUWASA, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Singida. Idara ya serikali ikawa chombo chenye bodi, ankara na mita.

Sera ya 2002 ilibakiza mita 400, ikaongeza lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250. Baadaye EWURA ikapewa kazi ya kusimamia bei, sheria mbili za 2009 zikatenganisha usimamizi wa rasilimali za maji na utoaji wa huduma, na sheria ya 2019 ikaunda RUWASA kwa ajili ya vijijini pamoja na Mfuko wa Taifa wa Maji.

Sina chuki na mageuzi haya. Mamlaka inayobaki na mapato yake inaweza kununua pampu bila kuisubiri Hazina, na mji wa Singida wa leo, wenye wakazi zaidi ya 230,000, usingeweza kuhudumiwa na mfumo wa miaka ya 1980. Lakini tazama jibu jipya la swali letu: kisima ni cha mamlaka, na wewe ni mteja. Mteja ana haki ya kulalamika, naam. Hata hivyo mteja asiye na fedha hukatiwa, na mteja asiyefikiwa na bomba si mteja, hayumo kwenye daftari. Huyu wa mwisho hununua kwa ndoo, kituoni au kwa mwenye mkokoteni, na ukilinganisha lita kwa lita utakuta mara nyingi hulipa zaidi ya jirani mwenye mita ukutani. Mfumo ulioanzishwa ili anayetumia alipe umezaa hali ambapo anayetumia kidogo hulipa ghali.

Nilionja sehemu ya mantiki hiyo nilipoanza kazi na kupanga nyumba katika mji mmoja ambao si lazima niutaje. Maji yalikatika wiki tatu mfululizo. Ankara ikaja ikiwa imepanda. Nilipouliza dirishani nikaelezwa na kijana mwenye adabu nyingi kwamba mita imesoma. Fundi wa mtaani ndiye aliyenifafanulia: mgao unaporudi, hewa hutangulia kwenye bomba na kuizungusha mita. Nililipia upepo. Mtu mwenye shahada anajua pa kupeleka barua ya malalamiko, na barua yangu ilijibiwa baada ya miezi miwili. Nilijiuliza mama anayeuza vitumbua angeiandika lini.

Namba iliyorekebishwa

Sasa nirudi kwenye meno yangu. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Singida, kama ilivyo Arusha, Manyara na Shinyanga, yana madini ya floraidi kwa kiwango kikubwa. Kidogo chake huimarisha meno. Kikizidi, meno ya mtoto anayekua hupata madoa, na kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hukakamaa na kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania, katika miaka ya 1970, iliweka kiwango cha muda kwa maji ya vijijini: miligramu 8.

Nataka niwe mwadilifu. Waliokiweka hawakuwa wajinga wala wabaya. Walikuwa na hesabu ya kikatili mbele yao: wangeshika 1.5, wangefunga visima vingi na kuwarudisha watu kwenye madimbwi yenye kipindupindu na homa ya matumbo, magonjwa yanayoua kwa siku chache. Walichagua doa badala ya kaburi. Huenda ningekuwa mezani pale ningechagua vivyo hivyo.

Lakini neno "muda" lilidumu zaidi ya miaka 30. Kiwango kilishushwa hadi 4 baadaye, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo viwango vya Taifa vimefika 1.5. Kizazi kizima kilizaliwa, kikaota meno, kikazaa, chini ya namba iliyorekebishwa ili maji yaliyopo yaonekane salama. Utafiti wa kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ulifanyika Ngurdoto, Arumeru, na teknolojia ni rahisi kiasi cha kutumika jikoni. Haikusambazwa kwa kasi ya tatizo lenyewe. Na hakuna aliyewahi kuja kijijini kwetu akasema: ndugu zangu, maji haya tunajua yana kasoro, tumeamua hivi kwa sababu hizi, watoto wadogo wapeni ya mvua. Maelezo hayo yasingegharimu dizeli wala vipuri. Serikali inayomheshimu raia humwambia ukweli mbaya mapema. Hilo ndilo tulilonyimwa, nami nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko namba yenyewe.

Mwankoko, na ziwa la mbali

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mji ulipata uhai mpya. Kwa mkopo wa Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika, BADEA, na Mfuko wa OPEC, pamoja na fedha za serikali, vilichimbwa na kuunganishwa visima vikubwa vya Mwankoko na Irao. Kwa watu wa kizazi changu, kuona bomba la nyumbani likitoa maji mchana kweupe lilikuwa jambo la kusimulia.

Tangu hapo mkoa umekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3, ile ya 2022 ikavuka milioni 2. Nyumba zinasogea kuelekea kila upande wa mji. Kisima kirefu si ziwa. Hujazwa na mvua inayopenya ardhini, na huchafuliwa na shimo la choo lililochimbwa mahali pasipostahili. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009 inaruhusu kutangazwa kwa maeneo ya hifadhi ya vyanzo. Kutangaza ni kazi ya siku moja, kulinda ni kazi ya kila siku.

Pamoja na hayo, jicho la wengi limeelekea Ziwa Victoria. Ni habari yenye fahari ya kisiasa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliyakataa makubaliano ya Mto Nile ya 1929, yaliyoingiwa na Mwingereza bila sisi, na Tanzania ilipojenga kwa fedha zake bomba kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama, lililokamilika mwaka 2009, ilikuwa ikitenda kile ilichokisema. Bomba hilo limekwenda mbele hadi Nzega, Igunga na Tabora, na kupitia Tinde maji ya ziwa yamefika Shelui, wilayani Iramba. Kwa hiyo Victoria imekwisha kuingia mkoa wa Singida, na kuifikisha mjini, hata Dodoma, kumezungumzwa mara kwa mara.

Siyapingi maji hayo. Ni matamu, na floraidi yake si ya kutisha. Lakini mwanahistoria ana wajibu wa kuharibu sherehe kidogo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Singida iko takriban 1,500. Maji hayo hayatakuja kwa kuteremka. Yatasukumwa kwa umeme, kilomita zaidi ya 300, kila saa ya kila siku, milele. Miaka ya 1970 tulijenga mfumo uliotegemea dizeli, na dizeli ilipokosekana pampu zilinyamaza. Je, tumekwisha kukubaliana nani atalipa umeme huo mwaka wa kumi, wahisani na wapiga picha wakiwa wameondoka? Na visima vya Mwankoko, tutavilinda kama akiba ya siku ya shida, au tutaviacha vizingirwe na viwanja kwa kuwa ziwa linakuja?

Nani mwenye kisima

Tumeona majibu manne. Bibi yangu alikuwa mwenye kisima, haki na wajibu vikiwa katika mikono ile ile iliyochoka. Mkoloni alitufanya watu wa kuruhusiwa. Uhuru ulitufanya wana wa kupewa. Mageuzi yametufanya wateja wa kutozwa. Ahadi ya mita 400 ilikuwa ya 1991, ikawa ya 2002, kisha ikageuzwa kuwa asilimia: ilani ya chama tawala ya 2020 iliahidi asilimia 85 vijijini na 95 mijini kufikia 2025. Mita unaweza kuzipima kwa miguu yako ukiwa na ndoo kichwani. Asilimia hupimwa ofisini.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo: chapisheni kwa lugha ya wananchi vipimo vya kila kisima, kiasi chake cha maji na floraidi yake, na mvibandike kwenye ofisi ya kata, hata pale namba zisipopendeza. Kwa wanaharakati: msiishie kuuliza mradi umegharimu kiasi gani, ulizeni nani ana bajeti ya vipuri. Kwa wanafunzi wangu: nendeni kwenye majalada ya ofisi za maji za mikoa kabla mchwa hawajayamaliza, mkawahoji mafundi wastaafu. Wao wanajua bomba gani limepita wapi na kwa nini, na maarifa hayo hayamo kwenye ramani yoyote.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona mama. Bomba lipo ndani sasa, koki mbili, moja jikoni. Usiku niliamka kunywa maji nikakuta madumu sita yamejazwa yamepangwa ukutani, vifuniko vimefungwa barabara. Asubuhi nikamwuliza kwa nini anajaza ilhali maji hayajakatika kwa wiki nyingi.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye msomi. Mimi bomba hili nalijua."